Mguu wa Nondo wa Delfina

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kama una kahawa mkononi, kaa chini. Kama uko bandani na redio umeining'iniza kwenye msumari, punguza kazi kidogo. Leo tunamkumbuka Lowell Tharp.

Wengi wenu mlimjua kama dereva wa basi la shule. Wengine mlimjua kama mzee wa nondo, wale wadudu wanaozunguka taa usiku. Ni mtu yule yule mmoja. Lowell Tharp, dereva wa basi la shule, mzee wa nondo, alifariki Jumanne asubuhi hapa kwetu Paloma Seca. Alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Kamba za viatu alikuwa bado hajazifunga.

Lowell alizaliwa kule juu kwenye mgodi wa shaba, ambako baba yake alikuwa akichimba. Mgodi ulipofungwa akashuka kwetu, kijana mrefu, mkimya, na begi moja na kopo la biskuti. Akapata kazi ya kuendesha basi la shule, na basi hilo hakuliacha mpaka alipostaafu.

Watoto wa wakati ule, ambao leo ni baba na mama zetu, wanakumbuka mambo mawili kuhusu basi la Lowell. La kwanza, chini ya kiti chake kulikuwa na mfuko wa soksi za sufu. Mtoto akipanda asubuhi ya baridi miguu mitupu ndani ya viatu, Lowell alimpa soksi huku anatazama barabara. La pili, ungeweza kumletea nondo.

Si nondo yeyote. Nondo-mwewe. Wale wakubwa wenye mabawa membamba, wanaoelea mbele ya maua ya mnanaha jua likizama. Viwavi wao tunawajua sote, wale wenye pembe mkiani wanaotumalizia nyanya kila mvua za Julai zikianza. Sisi tuliwaponda. Lowell aliwaomba.

Watoto walimletea nondo kwenye chupa za jemu. Kila mtoto aliambiwa asante. Kisha nondo alipigiliwa kwa sindano sandukuni, na chini yake kikawekwa kikaratasi kidogo chenye jina la mtoto aliyemleta. Dewey Pruitt, mnayemjua leo pale kwenye duka la matairi, alileta nondo aliyemkalia njiani. Watoto wakamcheka.

"Huyo si nondo, hiyo ni jemu," wakasema.

Lowell akampokea kwa mikono miwili. Akaandika: Dewey Pruitt. Amepondwa. Nondo huyo bado yupo sandukuni. Dewey ameniambia mwenyewe kuwa hajawahi kuona jina lake limeandikwa vizuri namna ile.

Sasa, watu wengi wanaokusanya nondo hutazama mabawa. Lowell alitazama miguu. Nondo akikauka, miguu hujikunja tumboni, na wengi huiacha hivyo hivyo. Lowell alimlaza nondo kwenye chupa yenye mchanga mbichi mpaka alainike. Kisha aliikunjua miguu mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, taratibu, kama mama anayefungua ngumi ya mtoto aliyelala.

Kuna wakati nilimuuliza, kwa nini miguu?

Akasema, "Mabawa yana wapenzi tele. Miguu haina mtu."

Na akanionyesha. Mguu wa mbele una kitu kama brashi ndogo, ambayo nondo huitumia kusafishia vipapasio vyake. Mguu wa kati una jozi moja ya miiba mirefu, kama ule ukucha wa nyuma wa jogoo. Mguu wa nyuma, kwa wengi wao, una jozi mbili. Lakini si wote. Wako waliopoteza jozi moja. Wako wenye miiba midogo midogo goti hadi kucha, na wako walio laini kabisa. Wengine wana kitana cha vinywele vigumu, na kitana hicho huwa kwenye mguu wa kati tu. Shikeni hayo mawili, wasikilizaji wapendwa. Mguu wa kati, jozi moja. Mguu wa nyuma, jozi mbili.

Alimwoa Delfina Urquides, binti wa mwoka mikate. Haikuwa rahisi. Siku ya kwanza alipomtembelea mama mkwe, mama aliona kopo la biskuti, akafungua kifuniko ajihudumie.

"Mwanangu," akamwambia Delfina jikoni, "huyu kijana ana maiti kwenye kopo la biskuti."

"Mama," Delfina akajibu, "angalau kawapanga vizuri."

Kaka yake Delfina, Eusebio, hakumwacha apumue. "Shemeji, wenzako wanaleta kulungu nyumbani. Wewe unaleta nondo. Tumkaange au tumchemshe?"

"Mabawa kaanga wewe, shemeji," Lowell akasema. "Miguu niachie."

Wakaishi vizuri. Wakapata binti mmoja, Rosalva. Delfina alizoea vumbi la mabawa kwenye meza ya chakula, na Lowell alizoea kunawa kabla ya kugusa mkate.

Sasa niwasimulie kuhusu nondo wa Delfina.

Rafiki wa Lowell upande wa pili wa mpaka, huko Sonora, alimtumia nondo mmoja ambaye Lowell alikuwa amemsubiri miaka. Alifika na mguu mmoja tu wa nyuma. Ule mwingine ulipotelea njiani. Lowell alimtandaza mabawa, akamweka sandukuni, akasema miguu ataitazama akirudi. Siku hiyo alikuwa anawapeleka vijana wa shule kwenye mechi ya mbali.

Nyuma yake, Delfina akafungua sanduku atie naftalini, wadudu wadogo wasiwale. Mkono wa sweta yake ukamkwaruza nondo. Ule mguu mmoja wa nyuma ukaanguka. Mezani kulikuwa na kisahani ambamo Lowell aliweka miguu iliyovunjika ya nondo wengine, na mingine ilikuwa imetawanyika kandokando. Delfina akauona mguu mmoja pale pale chini ya sanduku. Akadhani ndio wenyewe. Akaubandika kwa rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, inayong'aa tu. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko ya Lowell. Hakuna ambaye angejua. Na hakumwambia. Hakutaka mumewe arudi amkute mgeni wake ni kiwete.

Lowell akarudi. Akatazama kwa lenzi yake ya mkononi. Mguu wa nyuma, jozi moja ya miiba. Jozi moja! Nondo wa aina ile wote waliojulikana walikuwa na jozi mbili. Akapima, akachora, akaandika kwenye jarida dogo la watu wa nondo kwamba amepata aina mpya. Akaipa jina la mkewe.

Mnakumbuka keki? Eusebio alioka keki yenye mabawa. Wanawake wa kanisani wakaanza kumwita Bi Nondo. Delfina, ambaye maisha yake yote alikuwa binti wa mwoka mikate, kisha mke wa dereva, alidarizi nondo kwenye aproni yake. Ukimsifia aproni alisema, "Huyu ni mimi." Hakuwa anadanganya. Alijua aliubandika mguu, lakini aliamini mguu ni wa nondo yule yule.

Miaka ikapita. Delfina akaanguka kwenye ngazi za nyuma, akavunjika nyonga, wakamtia ya chuma. Ulikuwa mwaka mgumu. Alilala akitazama ukuta. Rosalva anasema, "Mama alikuwa hataki hata kuchanwa nywele. Nesi wa mazoezi alikuja, mama akageuza uso. Ndipo nesi akauliza, 'Samahani, wewe ndiye yule mwenye nondo?' Mama akakaa. Siku hiyo akatembea mpaka mlangoni."

Majira hayo hayo Rosalva alimnunulia baba yake hadubini nzuri. Lowell alifurahi. Na nondo wa kwanza kumweka chini yake, mnadhani alikuwa nani? Nondo wa Delfina, bila shaka.

Akatazama mguu wa nyuma. Akaona kitana.

Wasikilizaji wapendwa, mnakumbuka kitana huwa kwenye mguu gani. Wa kati tu. Lowell akatazama tena. Kwenye kiungo, juu kabisa, palikuwa na tone dogo linang'aa kama kioo. Haikuwa gundi yake. Katika nyumba ile rangi ya kucha ilikuwa ya mtu mmoja.

Hakukuwa na aina mpya. Palikuwa na nondo wa kawaida, aliyebandikwa nyuma mguu wa kati wa nondo mwingine. Na kwenye chumba cha pili mkewe alikuwa anajifunza kutembea kwa nguvu ya jina lile.

Lowell akafunika hadubini. Hakusema siku ile, wala wiki ile. Kila asubuhi alimshika mkono Delfina wakatembea mpaka mlangoni, kisha mpaka kwenye uzio. Kila asubuhi alikaribia kusema, akaacha. Kazi yake yote ilisimama juu ya jambo moja, kwamba ulichokiona ndicho unachoandika. Lakini atauandikaje mguu huu bila kumwangusha mkewe mara ya pili?

Delfina mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, nami nayasema kwa ruhusa yake.

"Nilijua kuna jambo," alisema. "Lowell akikataa maharage yangu, ama anaumwa ama anaficha. Nikamwambia, sema, kabla chapati ya tortilla haijaungua."

Lowell akasema, "Fina, yule nondo wako."

"Kafanya nini?"

"Mguu wake si wake."

Delfina akazima jiko. Akasimama ameshika fimbo yake. "Sweta yangu ilimkwaruza," akasema. "Nikauokota mguu mezani, nikaubandika. Nilidhani ndio wenyewe. Ulimsubiri sana yule, Lowell. Sikutaka urudi umkute vile."

"Umeubandika vizuri mno. Hiyo ndiyo shida."

"Kwa hiyo hakuna nondo wa Delfina."

"Hakuna."

"Na ukinyamaza?"

Lowell akatazama sahani. "Hakuna atakayejua. Fina, ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza."

Nataka tutulie hapo kidogo. Yule mtu aliyekunjua miguu ya nondo maisha yake yote ili aiandike kama ilivyo, alikuwa tayari kuacha uongo mmoja sandukuni kwa ajili ya mkewe. Na hakusema kwa mdomo tu. Delfina aliona kwamba anamaanisha.

Akakaa. Nyonga mpya ilikuwa bado inamsumbua, kukaa kulichukua muda. Kisha akasema, "Mtoto wa Pruitt alikuletea nondo aliyepondwa. Uliandika nini?"

"Amepondwa."

"Hukuandika mzima, na mtoto mwenyewe analia?"

"Hapana."

"Basi andika na wangu. Na uandike ni mimi. Rangi ya kucha ni yangu, jina ni langu."

"Utaumia."

"Nitaumia. Mimi pia nina mguu uliotengenezwa na fundi, Lowell. Nyonga ya chuma. Jina langu limebadilika?"

"Hapana."

"Basi kula maharage."

Aliandika. Sahihisho lilitoka kwenye jarida lile lile, maneno machache, bila kujitetea. Alisema hakuna aina mpya, kosa la kutochunguza kiungo ni lake, na mguu ulibandikwa kwa nia njema na mkewe. Wako waliocheka. Lakini mkusanyaji mmoja wa mbali alipiga simu. Alisema amekwenda kutazama masanduku yake mwenyewe, akakuta miguu isiyo ya wenyewe, naye alikuwa tayari ameiandikia kurasa. Alimshukuru Lowell. Kisha akaomba kuongea na Delfina, akamuuliza anatumia rangi ya kucha gani.

Hapa mjini hakuna kilichobadilika. Eusebio alijaribu. "Dada, nasikia umevuliwa cheo."

"Nimestaafu," Delfina akasema. "Kuna pensheni."

Bi Nondo akabaki Bi Nondo. Aproni yenye nondo aliivaa mpaka uzi ukafifia, akaudarizi upya.

Alhamisi, siku moja baada ya mazishi, mtaalamu wa chuo kikuu alikuja kuchukua masanduku. Lowell aliwaahidi zamani. Ni binti mpole anaitwa Hallie Brandvold. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mchuzi wa pilipili mbichi. Aliyapitia masanduku moja moja, kwa heshima. Alipofika kwa nondo wa Delfina akalisoma lile sahihisho lililochapishwa, ambalo alikuwa nalo mfukoni, akatoa kibano. Kazi yao ndivyo ilivyo. Mguu wa uongo hutolewa, ukawekwa kando, asije mwingine akadanganyika.

Delfina alisimama mlangoni na fimbo yake. Niliona tu vidole vyake vinakaza.

Hallie akainama kusoma kikaratasi chini ya sindano, kama wanavyofanya kabla ya kugusa. Akasoma kwa sauti, bila kujua kwamba sisi hatujui kilichoandikwa. Delfina mwenyewe hakujua.

Mguu wa nyuma si wake. Umebandikwa na Delfina Tharp. Usiutoe. L. T.

Hallie akarudisha kibano kwenye begi. Akafunga kifuniko taratibu. Kisha akaomba maji ya kunywa, na Delfina akaenda kumletea mwenyewe, bila fimbo, akishika ukuta.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu tunampa pole Delfina. Tunampa pole Rosalva na wajukuu, Eusebio, na kila mtu aliyewahi kuvaa soksi kutoka chini ya kiti cha Lowell Tharp. Mungu amlaze mahali pema, na awape nguvu waliobaki.

Nasi tuliobaki tufanye jambo dogo. Mvua zinakaribia, na nondo watajaa kwenye taa zetu za baraza. Asubuhi utawakuta chini, nawe utakuwa na ufagio mkononi. Kabla hujafagia, inama. Tazama miguu. Na ukikuta penye kung'aa kidogo, pale mtu alipojaribu kuunganisha kitu kwa ajili yako, sema ukweli kuhusu mguu, na uuache mahali pake.

Kwa heri, Lowell. Kamba za viatu zitafungwa na wengine.