Mlango wa Nyumba ya Mumbere

Benchi yangu iko Bwera, kando ya barabara inayoshuka Mpondwe, pale malori ya Kongo yanapopunguza mwendo. Mimi ni Mayimuna, nauza kahawa. Alasiri ile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani, mabati ya jirani yakawa kama yanaelea hewani. Wateja wangu wa kila siku walikuwa wameshakaa: Badiru, ajenti wa forodha tunayemwita Transiti, na Mugume, askari mstaafu, ambaye kwa kila mtu ni Afande. Kati yao alikaa Yayeri, mjane wa Mumbere mchora ramani, na glasi yake ya kahawa hajaigusa. Gorret, binti anayetengeneza simu na kompyuta ng'ambo ya barabara, alikuja na laptopu yake akaiweka juu ya meza yangu, maana dukani kwake redio mbovu zimejaa hata pa kuweka kiti hapana.

Yayeri na mumewe walikuwa watu wa Bulembia. Mto ulipofurika ukachukua nyumba yao, wakahamia huku, wakapanga chumba nyuma ya duka la Gorret. Mumbere akaanza kuchora nyumba mpya ndani ya laptopu yake, kila jioni kidogo, kisha akaugua, akafa kabla msingi haujachimbwa. Siku ya msiba watu wakihamisha viti, laptopu ikaanguka, kioo kikapasuka. Mashine yenyewe ilikuwa bado inawaka na kunguruma, lakini uso wake mweusi tii. Yayeri hakutaka mtu yeyote aifungue kuitengeneza, ikabaki chumbani kwao. Na alasiri ile ya ukungu fundi wa kujenga alikuwa anakuja kuona mchoro. Akiukosa, atajenga vyumba vya mstari kama vya kila mtu.

— Si unakili tu mchoro, ulete kwa hii yako? Badiru alimwuliza Gorret.

— Hii yangu ni dhaifu, mjomba. Programu yake ya kuchora haiwezi kukaa humu. Lakini zote mbili ni Linux. Nitaambia ile ya Mumbere ifungue programu kule kule chumbani, halafu dirisha yake ionekane hapa. Inapita kwa waifai ya duka.

— Na nani atakubali wewe uingie? Afande akauliza kwa sauti ya getini.

— Yeye mwenyewe alikubali, Afande. Akinifundisha kazi, aliniandikia jina yangu ndani ya mashini yake. Sidhani kama aliitoa.

Yayeri akageuka.

— Jina yako iko mule?

— Tutaona, mama.

Gorret aliandika mstari mmoja wa amri, akaandika neno lake la siri, akangoja. Sisi sote tukangoja, nami nikasahau birika motoni. Kisha dirisha jeupe likafunguka juu ya kioo chake, tupu kama shuka iliyoanikwa.

— Hakuitoa, Gorret alisema polepole.

Mstari wa kwanza ukatokea. Halafu mwingine. Nyumba ilikuwa inakuja ukuta kwa ukuta, kwa sababu waifai ilikuwa nyembamba pale benchi. Lori la magogo likapita kati yetu na duka, na nyumba ikasimama nusu. Lori likaenda, ukuta ukaendelea.

— Munaona? Badiru akasema. Hiyo nyumba iko transiti! Imetoka kule, inapita hapa, lakini haikai hapa. Hata ushuru haidaiwi.

— Apana, Afande akasema. Hii ni redio ya jeshi. Kamanda anaketi hapa, anatoa amri. Kazi inafanyika kule mlimani. Hapa inarudi ripoti peke yake.

— Afande amekaribia, Gorret alisema. Kila kitu kinafanyika kule. Hapa tunaona picha tu, na nikisogeza mshale, unasogea kule.

Badiru alikunywa kahawa, akaweka glasi chini.

— Basi labda na sisi tuko hivyo, akasema. Huu mwili ni kioo tu. Mashini yenyewe iko kwa Mungu, inafanya kazi kule, na sisi tunafikiri tunafanya hapa.

— Na mutu akikufa? Afande aliuliza, safari hii bila ukali.

— Kioo ndiyo imepasuka.

Nilimtazama Yayeri, nikidhani amechukizwa. Alikuwa anafuata mistari kwa kidole, bila kugusa kioo, na midomo yake inasogea.

— Hii ni jiko, akasema. Ameiweka upande wa upepo, moshi isiingie ndani. Hii ni chumba ya wageni. Nilimwambia wageni gani, sisi hatuna wageni. Ameichora tu.

Ndipo fundi akafika, amebeba futi ya chuma mfukoni. Drani ni mtu wa Arua, mrefu, si msemaji. Alisalimia kila mmoja, akainama mbele ya laptopu, akatazama kuta zote, madirisha yote, baraza.

— Kazi safi, akasema. Lakini mulango iko wapi?

Tukatazama. Kuta nne za nje, zimefungwa kabisa. Gorret akazungusha nyumba huku na huku. Hapakuwa na mlango.

— Alisahau, Badiru alisema.

— Mutu ya ramani hawezi kusahau mulango, Drani akajibu.

— Labda alitaka ya nyuma, ya kukimbilia, Afande akasema, lakini hata yeye hakuamini.

Yayeri alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alipouondoa, sauti yake ilikuwa ndogo.

— Tulibishana juu ya hiyo. Mimi nilisema mulango itazame barabara, nione watu. Yeye alitaka milima, asubuhi unafungua unaona theluji kule juu. Siku moja akanyamaza. Nilifikiri amekasirika, amechora yake.

Akautazama tena ule ukuta uliofungwa.

— Kumbe alikuwa ananingoja.

Gorret alimsogezea laptopu taratibu.

— Sasa mama, tuweke barabarani?

Yayeri alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akashika kipanya cha kompyuta kama mtu anayeshika kifaranga. Alipeleka mshale mpaka ukuta wa barabara, akakaa nao pale. Kisha akauvusha nyumba yote, akaufikisha upande wa pili.

— Kwa milima, akasema. Watu nitawaona hapa kwa Mayimuna.

Gorret akamwonyesha pa kubonyeza. Akabonyeza. Mlango ukatokea ukutani, mdogo, wazi kidogo kama programu ile inavyochora milango. Drani akatikisa kichwa kukubali, akasema kesho anapiga kamba za msingi.

— Nihifadhi? Gorret akauliza.

— Itakaa kwako?

— Hapana, mama. Inakaa kule kule. Ndani ya mashini yake, kwa mchoro wake mwenyewe.

— Na mulango wangu, itakaa kule pia?

— Kule kule, mama.

Yayeri aliinuka, akajifunga kitenge upya. Nilimwambia kahawa yake inapoa. Akasema nimsamehe, anataka kwenda chumbani akae na ile mashini kidogo, akavuka barabara kwenye ukungu.