Siku Niliyotaka Kumwacha Nakundwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliolala vizuri jana, asifiwe na sisi tuliokesha na watoto! Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, ila leo nimesimama na jambo zito, na mchungaji amenipa ruhusa niliseme lote.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mwalimu Nietiwe, nafundisha darasa la tatu hapa Hedaru, na watoto wenu wengi nimewashika mkono wakijifunza kuandika. Mnajua pia kwamba niliolewa nikakaa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa! Akina mama wa ushirika huu mlifunga kwa ajili yangu. Kuna mmoja hapa, simtaji jina, kila Alhamisi alikuwa anapiga magoti pale mbele kuniombea mpaka khanga yake ikatoboka magotini. Mungu akasikia. Nikapata mimba nikiwa na miaka thelathini na sita, nikajifungua salama mtoto wa kike. Mama mkwe wangu akampa jina la Kipare, Nakundwa, yaani nimependwa.

Wengi wenu mlidhani ushuhuda wangu umeishia hapo. Mlipiga vigelegele, mkala pilau, mkaenda nyumbani. Na mimi nikabaki ndani na mtoto.

Ndugu zangu, hakuna aliyeniambia kwamba kunyonyesha kunafundishwa. Nilidhani mtoto anazaliwa anajua na mama anajua, basi. Siku ya tatu chuchu zilipasuka. Siku ya tano zilikuwa zinatoa damu. Nakundwa alikuwa anashika titi kwa ncha tu, anavuta mara mbili tatu, anaachia, analia. Nikimsogeza kifuani nakunja vidole vya miguu kwa maumivu. Ananyonya kidogo anasinzia, nikimlaza anaamka baada ya robo saa, tunaanza upya. Mchana hivyo, usiku hivyo. Kuna asubuhi nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikanywa kikombe kizima bila kugundua. Nilikuja kujua mume wangu alipoionja.

Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Gonja kuja kunilea. Alikuja na mikungu ya ndizi, unga wa uji na kuku wawili wamefungwa miguu. Alipika, alifua nepi, alinikanda mgongo. Lakini alikuwa na yake. "Mtoto huyu ana njaa, mwanangu. Tumpe maji ya uvuguvugu. Tumpe maziwa ya ng'ombe kidogo, alale." Kliniki walishaniambia mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, na kwa hilo nilikuwa sahihi. Ila nilimjibu yule mama kama ninavyomjibu mtoto wa darasa la tatu aliyekosea kuzidisha. "Mama, hayo ni mambo ya zamani. Naomba uniachie mtoto wangu."

Akarudi jikoni. Siku ya kumi na mbili akachukua kapu lake, akasema, "Ngoja nikaangalie mahindi yangu huko juu. Mkinihitaji, mtaniita." Akambusu mtoto utosini akaenda kutafuta gari la milimani. Mimi sikumzuia. Mungu anisamehe, nilifurahi!

Mume wangu, Elinami, likizo yake ikaisha. Anafanya kazi Same mjini, anaondoka Jumatatu anarudi Ijumaa. Nikabaki peke yangu.

Na ninyi mlikuwa mnakuja kunitembelea, sisemi hamkuja. Mlikuja na sabuni na sukari, mkaketi, mkaniuliza, "Mwalimu, unajisikiaje kushika jibu la maombi?" Nikawajibu, "Namshukuru Mungu." Nifanye nini? Mtu aliyeombewa mtoto miaka tisa anaanzaje kusema amechoka? Mkiondoka tu, nafunga mlango nalia pamoja na Nakundwa. Yeye analia njaa, mimi nalia sijui nini.

Nilimpeleka kupima uzito. Nesi akaangalia mizani, akaangalia kadi, akasema uzito bado uko chini ya ule aliozaliwa nao. Akaniambia, "Mama, kaa hapo pembeni nikimaliza foleni unionyeshe unavyomnyonyesha." Nikamwambia, "Najua, nesi." Nikambeba mwanangu nikaondoka. Najua! Sikuwa najua chochote, ndugu zangu.

Nikaanza kuomba maombi mabaya. Sikumwomba Mungu anisaidie. Nilimwomba anisamehe kwa kumsumbua miaka yote tisa juu ya kitu nisichokiweza. Nikamwambia amtafutie Nakundwa mama mwingine.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mdomo wangu unapokuwa mzito. Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, jua kali. Nakundwa alikuwa amesinzia baada ya kulia asubuhi nzima. Nikamlaza katikati ya kitanda, nikamzungushia mito. Nikavaa viatu. Nikarudisha mlango bila kuufunga, maana nilijiambia mtu atamsikia akilia, naye atapata mama mwenye akili zake. Nikaenda barabarani. Sikuchukua mkoba. Sikujua naenda wapi.

Basi la kwenda Dar likasimama. Konda akaniona. "Dada, Korogwe, Segera, Chalinze, Dar! Nafasi ipo, panda!" Nikashika chuma cha mlangoni. Nikainua mguu.

Ndani ya basi, mtoto mchanga wa mtu akalia.

Ndugu zangu, maziwa yangu yakatoka! Mimi niliyesema sina maziwa, mimi niliyesema mwili wangu umekauka, yalibubujika pande zote mbili, gauni likalowa mpaka tumboni. Konda akageuza uso pembeni kwa haya. Na mimi nikajua moyoni, kama mtu aliyeitwa kwa jina, kwamba yale maziwa yana mwenyewe, na mwenyewe yuko kitandani peke yake. Nikaachia chuma. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, na basi likaondoka.

Aliyenifikia wa kwanza ni Mama Swaumu. Wengi mnamjua, anauza ndizi kwa abiria, na nyumba yake inatazamana na yangu. Alivua mtandio wake akanifunika kifua. Akauliza jambo moja tu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

Hakungoja jibu. Mama Swaumu aliacha beseni lake kwa wenzake, akakimbia. Mama mtu mzima, mnene, alikimbia kwa kandambili mpaka moja ikabaki njiani, hakurudi kuiokota! Nilipofika nyuma yake, nilimkuta amempakata Nakundwa, mtoto mwekundu kwa kulia lakini mzima kabisa. Mzima! Haleluya! Nikajifunika uso, nikingoja matusi. Nilistahili.

Akasema, "Mwalimu, njoo ukamue maziwa hapa kwenye kikombe. Kisha uoge, ule, ulale. Mengine baadaye."

"Mama Swaumu, mimi nilitaka…"

"Najua ulichotaka. Nina macho. Oga kwanza."

Nikakamua. Akamnywesha mtoto kwa kikombe kidogo cha kahawa, tone kwa tone, hana haraka hata kidogo. Akanipakulia makande aliyotoa kwake. Nikala kama mtu aliyetoka shamba. Nikalala saa nane mchana, nikaamka saa kumi na moja na nusu. Saa tatu na nusu mfululizo! Tangu nijifungue sikuwa nimepata hata saa moja na nusu. Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limefika ukutani, na uani Mama Swaumu alikuwa anamwimbia mwanangu kaswida kwa sauti ya chini. Nililala pale nikisikiliza, machozi yanaingia masikioni. Niliona kwamba Mungu hajanichoka.

Kesho yake akanipeleka zahanati mwenyewe, kanishika mkono kama bibi harusi. Nesi ni yule yule. Foleni ndiyo ile ile. Safari hii nilikaa pembeni nikasubiri. Alipomaliza, akakaa na mimi. Akanionyesha kumlaza mtoto tumbo kwa tumbo, kungoja afungue mdomo wote, kisha kumsogeza upesi ashike sehemu kubwa ya titi, sio ncha, kidevu kiguse. Mara ya kwanza tukakosa. Mara ya nne Nakundwa akashika. Nikakaza mwili nikisubiri maumivu, na hayakuja kama nilivyoyazoea. Nikasikia anameza. Ndugu zangu, mwezi mzima sikuwa nimewahi kusikia mwanangu akimeza! Gluk, gluk, kama mtu mzima mwenye kiu.

Kisha nesi akashusha sauti, akaniuliza kama nimewahi kufikiria kumwacha mtoto, au kujidhuru. Nikatazama chini. Mama Swaumu akanibana mkono. Nikasema kweli yote. Yule nesi hakushtuka. Akaniambia, "Hali hii inawapata wazazi wengi, mwalimu, na inatibika. Usikae peke yako. Njoo kila wiki, na mumeo ajue." Nilikwenda kila wiki. Sioni aibu kusema.

Jioni ile nilimpigia simu mama mkwe. Nilitaka kuanza na samahani, lakini neno lililotoka ni "Mama, njoo." Hakuuliza kwa nini. Kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa mlangoni na kapu lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umekula?"

Akakaa kitandani pembeni yangu, nikamsimulia yote, hadi habari ya lile basi la Dar. Akasema, "Huyu mumeo nilipomzaa, nilikwenda mgombani nikalia huko mchana kutwa. Mama mkwe wangu akadhani nakatia ng'ombe majani. Nilirudi mikono mitupu, nikasema ng'ombe hawana njaa leo."

Nikacheka, ndugu zangu! Nilikuwa nimesahau jinsi kucheka kunavyokuwa. Nikamwuliza, "Mama, mbona hukuniambia siku zile?"

Akanitazama. "Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unanifundisha."

Nikamshika mkono. Nikamweleza tena habari ya maji na maziwa ya ng'ombe, safari hii kwa adabu, na kwamba nesi amesema bado. Akasema, "Basi hatumpi. Mimi hata ile siku nilikuwa nataka tu anyamaze ili wewe ulale." Akamchukua Nakundwa, akamlaza begani, akatoka naye kwenda kuangalia kuku. Yule mama alikuwa ananipenda muda wote, na mimi nilisikia maji na maziwa tu.

Elinami aliporudi Ijumaa nilimweleza mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia, akasema alikuwa ananiuliza kwenye simu kama tuko salama, haulizi zaidi, kwa sababu alikuwa anaogopa jibu lingine. Tangu siku hiyo akiwa nyumbani ni yeye anayembeba mtoto akishanyonya, anamcheulisha, anambadilisha, na mimi nageukia ukutani nalala. Akina baba, naona mnaangalia chini. Sijamaliza na ninyi!

Siwadanganyi kwamba niliamka siku moja nimepona kabisa. Zilipita wiki nyingi. Kuna siku nilirudi nyuma, nikalia tena, nikadhani mambo yanaanza upya. Lakini sikuwa peke yangu tena. Na ile siku mizani ya kliniki ilipovuka uzito wa kuzaliwa, Mama Swaumu alipiga kigelegele mpaka nesi akakosea kuandika kwenye kadi, ikabidi afute.

Leo Nakundwa ana miezi minane. Anatambaa, ana meno mawili, na amenona mpaka mikono ina mikunjo. Hamumwoni hapa kwa sababu alikuwa anavuta kitambaa cha madhabahu, kwa hiyo bibi yake na Mama Swaumu wamemtoa nje. Ndiyo, Mama Swaumu amekuja. Nilimwambia nitasimama kusema, akasema, "Nitakuja nikushikie mtoto."

Namshukuru Mungu! Alinipa mtoto nilipomwomba, na nilipoona mtoto amenishinda hakuninyang'anya. Alinitumia muuza ndizi aliyepoteza kandambili, na nesi mwenye foleni ndefu, na mama mkwe niliyemfukuza. Wewe mzazi unayesema "namshukuru Mungu" huku unazama, nakusihi, mwamini kwa kiasi cha kusema kweli. Mwambie yeye, kisha mwambie na jirani yako. Na ninyi mnaokwenda kumwona mzazi, msimuulize anajisikiaje kushika jibu la maombi. Nawieni mikono, mchukueni mtoto, mwambieni akalale.

Nilikuwa na la kumalizia, lakini tangu nianze kusema namtazama dada yetu pale benchi la tatu, aliyejifungua mwezi huu. Amesinzia, kichwa kimeegemea ukuta, na mtoto anaanza kuhangaika mapajani. Tafadhali, msimwamshe. Mama uliye karibu naye, mchukue mtoto taratibu. Hivyo hivyo. Na ninyi kwaya, wimbo unaofuata, naomba tuuimbe polepole.