Stamen Lalev na Chungu cha Pili

Tunayemsindikiza leo ni Stamen Petkov Lalev, aliyezaliwa hapa Kamen Brod tarehe 14 Machi 1949, kifungua mimba wa marehemu Petko na Donka. Siku hiyo mto ulikuwa umefurika, na mkunga alivushwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Bibi Donka alikuwa akisema mtoto alikuja amekunja uso, kama mtu aliye na swali. Mdogo wake, Spas, alizaliwa miaka minne baadaye, na huyo alikuja akicheka.

Marehemu alisoma shule ya kijiji, kisha shule ya ufundi Pleven, akamaliza mwaka 1967. Hakuwa wa kwanza darasani. Ila mwalimu wa karakana aliwahi kumwambia Mzee Petko kwamba kijana wake akishakaza boliti, huirudia kuikagua hata kama kengele ya chakula imeshalia.

Baada ya jeshi, mwaka 1971, aliajiriwa kwenye ghala la kufungasha vyanzo vya mionzi, vile ambavyo viwanda hutumia kuchungulia nyufa ndani ya chuma. Kila chanzo kilikuwa kidonge cha chuma, kifupi kama kipande cha chaki, na kilisafiri ndani ya chungu kizito cha madini ya risasi chenye kizibo. Chungu hakikutoka mpaka Stamen akipime mionzi kwenye ganda lake, kisha akipime tena kutoka mita moja. Ndipo alipobandika lebo, nyeupe au ya njano kadiri kipimo kilivyosema, akatia lakiri, na kukifunga minyororo nyuma kabisa ya lori, mbali na mgongo wa dereva. Vyungu vilivyorudi navyo vilikuwa na sheria yao: lebo haifunikwi mpaka chungu kifunguliwe na kupimwa. "Tupu ni neno la kipimo," alikuwa akisema, "si neno la mdomo." Madereva walimcheka sana kwa hilo. Aliyecheka kuliko wote ni Spas, naye ndiye aliyeombewa kazi ya udereva na Stamen mwenyewe.

Tarehe 18 Mei 1974 alimwoa Velika Tsanova. Siku ya posa alipeleka dumu la kioo lililojaa rakia, amelifungasha mwenyewe ndani ya kasha, maranda ya mbao pande zote. Shemeji mmoja akaliachia kutoka juu ya mkokoteni. Watu wakashika vichwa. Mzee Tsanov alipofungua akakuta hata tone halijamwagika, akauliza, "Sasa wewe mkwe, umetuletea pombe au bomu?" Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Ginka, mwaka 1976.

Mwezi Oktoba 1983 marehemu alikuwa amelazwa kwa upasuaji wa tumbo. Spas akaenda kiwandani kuchukua vyungu, akaambiwa ni vitupu, akazifunika lebo palepale na kuandika hivyo. Ulikuwa wakati wa kuloweka kabichi za majira ya baridi kwenye chumvi. Kila nyumba ina pipa, na kila pipa linataka kitu kizito juu yake, maana kabichi ikielea juu ya maji ya chumvi huoza. Spas aliviona vile vyungu viwili, vya duara, vizito, vimekaa sawasawa. Akavishusha nyumbani kwake.

Siku ya Mtakatifu Nikola, tarehe 6 Desemba, marehemu alialikwa kwa mdogo wake kula samaki. Alimkuta shemeji yake Tsonka, mke wa Spas, amefungwa vitambaa mikononi. Tsonka akasema ni chumvi ya pipa imemla. Spas naye alikuwa amepungua mwili na nywele, lakini hakuacha mzaha, wala hakuacha kunywa kikombe cha maji ya kabichi kila asubuhi ili kuondoa uchovu wa rakia. Marehemu akaomba aonyeshwe pipa. Waliposhuka chumba cha chini, akakiona chungu kimoja juu ya kabichi.

"Nani alifunika lebo?"

"Mimi," Spas akasema. "Kaka, wewe hata jiwe la kabichi unataka kulipima? Ni tupu. Si limeandikwa."

"Aliyeandika nani?"

 

Chumvi ilikuwa imekula kizibo, na kidonge kilikuwa kimeangukia ndani ya pipa, chini kabisa. Marehemu aliwatoa wote mpaka barabarani, akashuka peke yake na koleo la makaa, akakirudisha kidonge ndani ya chungu. Spas alifariki Sofia tarehe 11 Februari 1984. Tsonka alipoteza vidole, na yuko nasi hapa.

Kabla Spas hajakata kauli, marehemu alimuuliza chungu cha pili kiko wapi.

"Nilimpa mtu sokoni Pleven. Alikuwa na pipa jipya, hana cha kukandamizia. Akaniita ndugu."

"Jina lake?"

"Kaka, nani anauliza jina la mtu wa kabichi?"

Wakubwa walitafuta, wakachoka. Marehemu hakuchoka. Kila vuli alichukua kipimo chake, akaenda kijiji kwa kijiji kuomba ashuke kwenye vyumba vya chini vya watu. Wengine walimfungulia mbwa. Wengine walimkaribisha kikombe cha maji ya kabichi, akashukuru na kukataa. Mwaka 1997 mama mmoja alimwambia ndiyo, chungu kama hicho walikuwa nacho, ila mkwewe alikiomba akayeyushe risasi ya kutia uzito nyavu zake za samaki. Marehemu alifika kwa huyo mkwe akakuta nyumba imefungwa, na langoni matangazo ya vifo mawili, la mume na la mke, yamefifia kwa jua. Chungu hakikuwepo. Jirani alisema vyombo vyao vyote vilishachukuliwa na watu.

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na maradhi ya damu. Madaktari hawakusema yametokana na siku ile ya pipa, wala hawakukanusha. Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 21 Oktoba 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Jambo la mwisho alilomuuliza ni kama kabichi zimeshafika sokoni. Bibi Velika akamwambia zimefika.

"Basi waambie," akasema.

Kwa hiyo mnaambiwa, nyote mtakaoshuka chini juma hili. Kama kilicho juu ya kabichi yenu, au ya jirani, ni chungu cha risasi cha duara, kizito kuliko ukubwa wake, msikinyanyue na msikifungue. Tokeni nje, fungeni mlango, iteni watu. Msiseme ni kitupu.

Ameacha mjane, Velika. Binti, Ginka, na mumewe, Rumen. Wajukuu wawili, Yoana na Radko. Shemeji yake, Tsonka. Na kipimo chake, kilichobadilishwa betri jana.

Mungu amlaze pema, na amwonyeshe kilipo kile chungu cha pili.