Waya Kwenye Valvu ya Boila

“Huo mstari ufute, shemeji, unataka watoto wa kaka yangu walale nje?” alisema mdogo wake marehemu jana alasiri, akiigonga karatasi hii ya historia ya marehemu kwa kidole, na mjane akamjibu bila kuinua uso, “Nikiufuta nitakuwa nimekubali kwamba alijiunguza mwenyewe,” na binti mkubwa, aliyeshika kalamu, akauacha mstari kama ulivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili wa seremala na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1982 hadi 1988, akipenda hesabu na kuogopa kusoma mbele za watu, woga ambao amemrithisha binti yake mkubwa, anayeisoma historia hii leo.

Mwaka 1995 aliajiriwa katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, akaanza kwa kusukuma matoroli, akapanda hadi kuwa mwendesha boila, wenzake wakamwita Mvuke, kwa sababu hakuna siku aliyotoka kazini akiwa mkavu. Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na mkewe, ambaye leo ni mjane, wakajaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana, wote wakikulia katika nyumba ya kiwanda.

Januari 2023 valvu ya usalama, ile inayoachia mvuke ukizidi, ilifungwa kwa waya ili mvuke usipotee, marehemu akaliandika jambo hilo mara tatu kwenye daftari la zamu, akaambiwa na meneja afanye kazi au awapishe wengine, na tangu hapo kila jioni alirudi nyumbani akasimama kwanza kuwatazama watoto mmoja mmoja, kama mtu anayeaga. Tarehe 9 Februari 2023, saa mbili na robo asubuhi, boila lilipasuka, likamuunguza kifua, mikono yote miwili na njia ya hewa, wakati waya ungali umefungwa. Huo ndio mstari uliogombaniwa.

Miezi kumi na tano iliyofuata, birika likianza kuchemka alitoka nje, hata kama mvua inanyesha, na binti mkubwa aliacha shule akiwa kidato cha pili ili amfunge vidonda. Alifungua madai ya fidia, kiwanda kikajibu kwamba waya aliufunga yeye, kwa uzembe wake, na ukurasa wa daftari ukawa umechanwa. Mtu wa bima alikuja mara tatu na karatasi ya kukubali kosa, akisema, “Weka dole gumba tu, mzee, mambo yaishe,” na marehemu akamjibu, “Dole limeungua, kijana, akili haijaungua,” wakacheka wote nyumbani, ila mgeni alipotoka mjane alifunga mlango kwa komeo, na gari lolote likisimama nje watoto walinyamazishwa. Wakili alisema madai hayazikwi pamoja na mtu, familia inaweza kuyaendeleza, lakini bila shahidi kiwanda kitashinda, na nyumba huenda ikachukuliwa.

Marehemu alifariki hospitalini tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, baada ya mapafu kushindwa kazi, akiwa amemshika binti yake kwa vidole viwili vilivyokuwa vimepona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya majeraha ya moto, majirani waliokuwa wakichemsha maji kwao na kuyaleta yakiwa yamepoa, na wafanyakazi wenzake waliokuja, tukijua kwamba meneja ameketi safu ya pili na anawaona. Baba, lala salama, hakuna birika litakalokushtua tena.

Historia hii ilikuwa iishie hapo, na hata asubuhi ya leo binti alikuwa bado hajajua kama ataweza kuusoma ule mstari, mpaka fundi bomba wa kiwandani, aliyekuwa zamu moja na marehemu na ambaye hakukanyaga nyumbani tangu ajali, alipobisha hodi, akakataa kiti, akasimama mlangoni kofia mkononi, na kusema, “Usifute kitu, mwanangu. Ule waya niliufunga mimi, meneja ndiye aliyeniamuru, na mahakamani nitasema hivyohivyo. Andika na hilo.”