Picha ya Mnara wa Saa

Kabla ya mwezi wa tisa, kijiwe cha kahawa cha Jumbe pale Doornfontein, Joburg, hakikuwa na benchi. Watu walikunywa kahawa wamesimama, au wamekalia ndoo za rangi. Kisha ikaja ile wiki ya vurugu ya mwaka 2019, maduka ya wageni yakavunjwa, na mlango wa duka la shuka la Bwana Rafaqat ukakutwa asubuhi katikati ya barabara, mzima, umetengana na duka lake. Rafaqat alipoweka mlango wa chuma, Jumbe akamwomba ule wa mbao, akaulaza juu ya makreti mawili ya bia, na tangu hapo watu wazima wenye akili zao wanakalia mlango wa mtu na kubishana mambo yasiyowahusu. Sitawasema vibaya. Mtu aliyechoka ana haki ya kukaa, na mwaka ule waliochoka walikuwa wengi kuliko mabenchi.

Alasiri hiyo ya Oktoba umeme ulikuwa umekatwa tena. Robot za kona, yaani taa za barabarani, zilikuwa zimezima na teksi zilikuwa zikipigiana honi. Placide, fundi cherehani wa Bukavu anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kusema hajui, alikuwa amefungiwa kazi na mashine yake ya umeme. Pandu wa Unguja, muuza mikanda, ambaye jina lake la kijiwe ni Redio, alikuwa hana mteja tangu asubuhi. Mwishoni mwa mlango alikaa Seif wa Tanga, muuzaji wa duka la Rafaqat. Walimwita Mita, maana shuka huzipima kwa mkono tu na hakosei. Mkono huo leo ulikuwa juu ya mfuko wa shati, hautoki.

— Mita, kahawa inapoa, Jumbe alisema.

— Nainywa.

— Unaitazama. Una nini mfukoni?

— Paspoti.

Wote wakageuka. Mtu hatembei na paspoti Joburg ila ana safari au ana kesi.

— Mzee anafunga duka, Seif alisema. Anasema mara hii imemtosha. Anarudi kwao Pakistani, mji wa Faisalabad, na anataka twende wote. Nduguye ana ghala la shuka kule. Mimi nikae nipokee simu za wateja wa Kiswahili, wa Dar, wa Bujumbura, wa Lubumbashi. Mpwa wake anakwenda Pretoria kesho kwa mambo ya viza. Paspoti mzee anaitaka leo, kabla hajafunga.

— Si umpe, mshkaji, Jumbe alisema. Hapa unabaki na nani?

— Sijui hata huo mji ukoje.

Pandu akaweka kikombe chini.

— Weye? Si weye ulotwambia umefika?

Ikabidi Seif aseme jambo alilolificha miaka kumi na moja. Alipoingia duka la Rafaqat kwa mara ya kwanza alikuwa na wiki tatu Joburg, viatu vimetoboka, na hajala tangu jana yake. Ukutani, juu ya kaunta, palikuwa na picha ya mnara wa saa. Seif akaiona saa ya kwao Tanga. Hakuifananisha, aliiona kabisa, kwa njaa na kwa kukumbuka nyumbani. Rafaqat, kwa Kiswahili alichookota kwa wateja, akamuuliza kama anaujua mnara ule. Seif akajibu kwamba anaujua vizuri, amekaa chini yake mara nyingi. Mzee wa watu akazunguka kaunta, akamkumbatia, na kazi ikaanza siku hiyo hiyo.

Wiki haijaisha, Seif aliiangalia picha kwa tumbo lililoshiba. Matofali mekundu, maandishi asiyoyajua, maduka yameuzunguka mnara pande zote. Haikuwa Tanga. Lakini utamwambiaje mtu kwamba lile kumbatio lilimfikia asiyestahili? Akanyamaza. Na tangu siku hiyo Rafaqat akawa anamsimulia Faisalabad kwa nusunusu, kama mtu anayeongea na mwenyeji mwenzake. Lile soko la nguo, wewe unajua. Ule mfereji karibu na mashamba ya kaka, wewe unajua. Seif hutikisa kichwa. Basi anao mji mzima kichwani, na kila kitu chake kimekatiwa katikati.

— Kwa hiyo anakuchukua kwa sababu anadhani umefika, Jumbe alisema.

— Anasema Joburg nzima ni mimi tu ninayeujua mji wake.

Hapo kijiwe kikapata kazi. Kama Mita hana mji, basi wao watampa.

— Sikia, mon frère, Placide alianza. Ile muji mi minaijua kupitia kitambaa. Shuka, taulo, pazia, yote inatoka kule. Bantu ba dunia nzima banalala juu ya Faisalabad na habajue. Kule mutu mwenye kukosa kazi hakuna.

— Na kilimo? Seif alitaka kujua.

— Pamba inaota hapa, kiwanda iko pale. Inavuka barabara tu.

— Barabara zenyewe nane, Pandu alidakia. Hilo mzee kanambia kwa kinywa chake. Mnara uko kati, masoko manane yametoka kwenye mnara, kila upande moja. Sasa fikiri. Mwizi akikimbia huku, anatokea kwenye saa. Akikimbia kule, anatokea kwenye saa. Ndo maana kule hakuna wizi.

— Hilo la wizi nalo amekwambia mzee? Jumbe alihoji.

— Hilo nimelipiga hesabu mwenyewe.

— Na maji? Seif aliuliza, na aliuliza kwa dhati, maskini.

— Mifereji kila shamba, Pandu alijibu. Miwa imesimama ndani ya maji mpaka maji yenyewe yana utamu. Mtu akipika chai hatii sukari.

— Na pamba banapanda ya rangi, Placide alisema, hakutaka kuachwa nyuma. Munapanda mbegu ya bluu, inatoka bluu. Rangi ya kiwanda ni ya kumalizia tu.

Seif hakucheka. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo hata uongo wa Pandu ulimpumzisha. Alikuwa ameona damu ya mzee kwenye vioo vilivyovunjwa mwezi wa tisa, akavifagia yeye mwenyewe. Mji usio na wizi, wenye chai tamu, angeukubali hata kwa robo yake.

— Dereva mmoja Mpakistani aliniambia kule nako umeme unakatwa, Jumbe alisema akitazama birika. Mashine za kufuma zinasimama, watu wanakaa nje wanangoja.

Robot ya kona ilikuwa bado imezima.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke, Héritière, msusi aliyetoka Lubumbashi wiki mbili zilizopita, akiishi kwa binamu yake ghorofa ya juu. Alisimama na kikombe chake akiwasikiliza. Wakamsogezea nafasi, akakataa kwa mkono.

— Batata, wazee wangu, mi nauliza tu. Ile muji iko na viwanda, iko na mashamba, iko na mayi. Sasa ule muzee alitokaka kule juu ya nini?

Placide, kwa mara ya kwanza tangu mlango uwe benchi, alimgeukia mwingine ajibu yeye. Pandu akachezea mkanda mmoja wa kuuza.

— Hamukumuuliza? Miaka yote hii?

— Mimi nisingeweza, Seif alisema. Mimi si ninaujua.

— Lakini Mita, Pandu alisema pole pole, hata weye Tanga waisema vivyo hivyo. Mkonge, viwanda, reli, barabara zina namba. Kila siku waisifu. Hatujakuuliza ulitoka kwa nini.

Seif alijua kwa nini alitoka. Kiwanda kilipunguza watu, naye akamwambia mkewe Duni kwamba anakwenda miaka miwili tu. Jumbe akainamisha birika, likatoa machicha. Akawaonyesha ndani.

— Imekwisha, akasema. Nendeni mkafanye mambo yenu.

Seif akaingia dukani. Rafaqat alikuwa juu ya ngazi akiitoa ile picha, kovu la mwezi wa tisa bado jekundu kwenye paji lake. Ukutani ilibaki alama safi ya mraba.

— Umeleta?

— Mzee, kuna jambo. Mimi Faisalabad sijafika. Siku ile nilikuwa na njaa. Nilidhani hiyo ni saa ya kwetu, Tanga.

Rafaqat alishuka ngazi moja moja. Akaketi juu ya bunda la shuka, picha mapajani. Seif akaogopa kwamba mzee amevunjwa kwa mara ya pili mwaka huo.

— Miaka kumi na moja ninamwambia mke wangu, huku nina mtu mmoja wa nyumbani, mzee alisema.

— Nisamehe, mzee.

— Njoo tu. Utaujua ukifika. Mimi pia sijui sasa ukoje. Nilitoka wakati viwanda vidogo vinafungwa.

Kisha akaifuta picha kwa mkono wa kanzu, akauliza kama anayeuliza hali ya mgonjwa:

— Na saa ya kwenu? Bado inatembea?

Seif akaifikiria saa ya Tanga. Alikumbuka kivuli cha mnara na wauza kashata waliokaa chini yake. Mishale ya saa haikumjia akilini. Kwa mara ya kwanza siku nzima akautia mkono ndani ya mfuko wa shati, lakini ulitoka na simu, siyo paspoti.

Duni alipokea upesi, maana kwa kawaida Seif hapigi simu mchana.

— Baba Ummi, kuna nini huko? Wameanza tena?

— Hapana. Nauliza, ile saa ya mjini bado inatembea?

— Saa?

— Ile ya mnara.

Akasikia mtoto akimuuliza mama yake ni nani, na Duni akimjibu kwamba ni baba.

— Sijaitazama siku nyingi, Duni alisema. Kama ni muhimu kesho nitapita nikuangalizie.

Seif akamtazama Rafaqat akiifunga picha ndani ya shuka mpya, akikunja pembe moja baada ya nyingine.

— Usiende, akasema. Nakuja kuitazama mwenyewe.