Iskandari Hajavuka Mto

Pale mtaani Kamwokya, chini ya bati la Marjan muuza kahawa, mimi ndiye Redio: betri haziishi, habari hazinipiti. Waulize wenzangu, Makasi fundi cherehani na Nashon, Mkenya anayepakia mabehewa kwenye feri kule ziwani, Port Bell. Wa nne wetu alikuwa Sajenti Saverio, polisi mzaliwa wa Gulu, aliyesoma kwa mapadri. Yeye ndiye aliyetuletea Iskandari, mfalme wa kale aliyeteka dunia akiwa bado kijana. Kila jioni kipande kimoja. Alimfikisha kwenye mto wa India, jeshi limechoka, limegoma kuvuka, akasema, “Kesho namalizia.” Kabla hajanyanyuka likaja gari, na vijana wa miwani nyeusi, wakaondoka naye. Marjan bado anamimina vikombe vinne. Cha nne kinapoa peke yake.

— Alivuka, nikasema. Alipanga tembo mtoni, jeshi likapita migongoni.

— Redio, wacha urongo, akasema Nashon. Tembo walikuwa wa adui. Alivusha watu kwa feri.

— Feri, kabla ya Yesu?

— Ya makasia, bwana!

— Banange, nyinyi! Makasi akatema uzi. Mutu kama ile anataka feri ya nini? Alikunywa mto.

— Wote?

— Akasaidiwa na farasi. Asubuhi askari wakapita na viatu vikavu.

Tukacheka, kidogo tu. Kwenye duka la jirani palikuwa na mtu anayenunua kiberiti tangu tulipokaa.

Nikachovya kidole kwenye kahawa, nikachora juu ya benchi: hapa Misri, hapa Uajemi, hapa Babeli.

— Niulizeni njia yoyote aliyopita Iskandari. Naijua kuliko farasi wake.

— Habari zenu, wazee.

Mwanamke, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Akakaa pale pa Saverio bila kuonyeshwa.

— Mimi Akwero, mke wa Saverio. Redio ni nani hapa?

— Ni mimi, mama. Pole na safari.

— Akija likizo anakusifu. Anasema wewe huna usichokijua.

Siku nyingine ningevimba.

— Basi niambie kimoja tu. Lile gari lilipofika njia panda, lilikata wapi?

Nashon akatazama viatu vyake. Makasi akatafuta sindano mfukoni. Tuliona sote. Mimi nikatupia jicho duka la jirani: wa kiberiti bado yupo.

Nikachovya kidole tena. Nikachora njia panda, nikakata kushoto, nikashuka mpaka ziwani, nikafuta kwa mkono wa shati.

Akwero alikunywa kile kikombe cha nne, baridi vile vile, mpaka machicha. Akafika njia panda, akakata kushoto, hakugeuka.

Nashon akakumbuka zamu. Makasi akakumbuka suruali ya mtu. Hakuna aliyeaga. Benchi likawa refu.

Mtu wa kiberiti akaja, akakaa pale pale alipotoka Akwero, akatazama lile doa la kahawa.

— Redio, akasema kwa upole, huyo mfalme wenu aliishia wapi?

Nikafungua mdomo.

— Kahawa imekwisha, akasema Marjan, na birika mkononi mwake likitoa mvuke.