Yas ya Wifi Wadha

Nasriya, zima hiyo tivii. Maan, weka simu chini, sogeeni wanangu, pumzi yangu haifiki mbali tena.

Nyumba hii igawanyeni kama sheria ilivyosema, wala msigombane. Nnalowausia ni mti wa yas hapo mlangoni, ule mfupi wa majani yanukiayo, mnaoupita kila Ijumaa mkija kula mkaondoka, nami nikabaki nikisema nao, kwani sina mwengine. Majani yake yaanikeni kivulini, myatwange laini, mumpake mzazi nywele na mtoto utosi. Mengine chemsheni, hutuliza msokoto wa tumbo.

Mie nlipokuja kuolewa huku kwao baba yenu, kutoka Unguja, nlijua mrehani na asumini. Yas nliiona mara ya kwanza kwenye maiti ya jirani, imenyunyizwa juu ya sanda. Basi siku ya saba ya kuzaliwa kwako, Nasriya, wifi yangu Wadha, dada yake baba yenu, akashuka kutoka mlimani na kifurushi cha yas, akataka kukupaka. Nikapiga kelele, huyu kamletea mwanangu mazishi! Nikaimwaga uani mbele ya wageni, nikamfukuza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, hunena watu. Mie nlikuja nikamjeruhi mwenyeji.

Baadaye nikafahamu kuwa hapa yas humpokea mtoto na humsindikiza maiti, ni hiyo hiyo moja. Nikaona haya kwenda kwake. Haya ikageuka kiburi, na kiburi kimekula miaka arubaini na saba. Baba yenu alipofariki, Wadha alileta mche huo akauacha mlangoni, hakugonga. Hata siku ile sikwenda, na yuko Ruwi tu, mwendo mfupi kwa gari, kwa mwanawe. Upweke huu nnaoulilia nliupanda kwa mkono wangu.

Maan, nenda sasa hivi, usingoje Ijumaa. Mwambie shangazi yako kuwa mie, Khole, naomba msamaha kabla sijafa. Akiridhia, anioshe yeye, anitie yas kwa mkono wake. Akikataa, msimlaumu; niosheni kwa majani ya mkunazi tu, na yas isinikaribie.

Gari ndiyo hiyo imewaka? Alhamdulillahi.

Nasriya... nipe kile kibakuli cha yas. Nimetwanga mwenyewe, juzi, nlipokuwa na nguvu. Utosi wako nliunyima haki yake siku ya saba. Radhi zangu mnazo, wewe na nduguyo, Mungu awape... awape wa kukaa nao. Vua mtandio, mama. Inama.

Inama zaidi, mkono haufiki.